Nyama Choma ya Msalato Inaanzia Zizini

Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwishoni mwa Julai 2024, Jumamosi ya jiji hili imepata sura nyingine. Mtu anaondoka Dar es Salaam asubuhi, baada ya mwendo wa saa tatu na nusu hivi anashuka hapa, na mchana anatafuta bajaji au teksi ya kumpeleka kwenye mnada wa Msalato akale mbuzi. Video fupi za nyama inayogeuzwa juu ya makaa zinazunguka kwenye simu za watu ambao hawajawahi kukanyaga Dodoma. Watumishi wa umma waliohamia Mji wa Serikali Mtumba nao wameifanya safari hiyo kuwa desturi ya mwisho wa wiki, na Bunge linapokuwa kwenye vikao magari huongezeka kandokando ya barabara ya Kondoa. Kutokana na hayo yamezaliwa mazungumzo ninayoyasikia kwenye daladala na maofisini: kwamba Msalato sasa ni kivutio, kwamba wageni ndio wanaouendesha mnada, na kwamba kilichobaki ni kujenga mabanda ya kisasa, kupanga viti na kulipendezesha eneo lifanane na hadhi ya makao makuu ya nchi.

Naamini mazungumzo hayo yanausoma mnada kinyumenyume. Wengi wanaona mahali pa kula nyama ambapo jirani yake pametokea kuwa na mifugo. Msalato ni soko la mifugo, na nyama choma ni mkia wake. Nyama ile ni nzuri na bei yake inavumilika kwa sababu mfugaji, dalali, mchinjaji, mchomaji na mlaji wanakutana kwenye vumbi moja, siku moja. Mtoe mmojawapo, hasa yule wa kwanza, na utabaki na baa ya nyama choma kama zile ambazo mjini zimejaa tayari. Kwa hiyo swali la jinsi ya kuboresha Msalato halina budi kuanza na mnyama anayeingia pale, ndipo lije kwenye meza.

Tuangalie kwanza mnada unavyofanya kazi. Minada ya mifugo nchini ina ngazi: ya awali, iliyo chini ya halmashauri, ya upili, iliyo chini ya wizara, na ya mpakani. Huku Kanda ya Kati minada huzunguka kwa siku, leo kijiji hiki, kesho kile, na wachuuzi wa mitumba, sufuria, dawa za mifugo, karanga na ubuyu huifuata wiki nzima. Jumamosi ni zamu ya Msalato, kaskazini mwa katikati ya jiji, kwenye barabara inayokwenda Kondoa hadi Babati. Barabara hiyo ilifunguliwa rasmi ikiwa ya lami Aprili 2018, mwezi uleule ambao Dodoma ilitangazwa kuwa jiji. Mambo hayo mawili yalisogeza pamoja watu ambao zamani walikutana mara chache: mfugaji wa wilaya ya Chemba na mwenye mshahara wa mjini. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma Mjini. Ile ya 2022 ikakuta 765,179. Midomo imeongezeka karibu maradufu katika miaka kumi. Ukuaji huo ulianza kabla ya treni kupiga honi yake ya kwanza, na ndio uliobadilisha mnada kuliko video yoyote.

Sasa mfugaji mwenyewe. Mtu wa Chamwino au Bahi hapeleki mbuzi mnadani kwa kuwa amefikiwa na hamu ya kuuza. Katika nyumba nyingi za Ugogo mbuzi ni akiba, na akiba haiguswi ovyo. Anauzwa mmoja linapotokea jambo: debe la mahindi, sare ya shule, dawa, mchango wa msiba. Ndiyo maana bei ya mnadani haifuati ukubwa wa mnyama peke yake. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, na kwa kawaida hazifiki milimita 600 kwa mwaka. Kuanzia Oktoba vihenge vinapungua, malisho yanakauka, mbuzi wanakonda, na mahindi yanapanda bei. Mfugaji yuleyule aliyeuza mbuzi mmoja Juni akarudi na gunia, Novemba huenda akahitaji kuuza zaidi ya mmoja ili apate gunia hilohilo. Babu zetu waliujua mkokotoo huu kwa uchungu. Njaa iliyoitwa Mtunya, miaka ya mwisho ya Vita Kuu ya Kwanza na iliyofuata, ilitokea baada ya majeshi kuchukua mifugo na chakula, kisha mvua ikakataa. Asiye na mnyama wa kuuza hakuwa na cha kubadilisha kwa nafaka. Mlaji anayefurahia nyama ya bei nafuu mwezi wa Novemba ananufaika na shida ya mtu mwingine, mara nyingi bila kujua. Simlaumu, kwa kuwa fedha yake ndiyo inayonunua yale mahindi. Ninachotaka akijue ni kwamba bei aliyoipata haikutokana na ukarimu wa mchomaji, na haitadumu kama mfugaji atasukumwa mbali na soko.

Mchomaji naye ana hesabu yake, na ni hesabu nzuri kuitazama kwa karibu. Hanunui nyama ya kilo bucha. Ananunua mbuzi mzima, au wawili watatu wanashirikiana kwa ng'ombe, asubuhi, umbali mfupi kutoka kwenye moto wake. Hana gari la kubebea, hana friji, hana umeme wa kulipia. Zaidi ya hapo, mnyama mzima anapata wateja palepale: utumbo na kichwa vinaingia kwenye supu, maini na figo yanachomwa kwa wenye haraka, kongoro lina watu wake, ngozi ina mnunuzi anayesubiri na chumvi yake. Mwenye bucha mjini mara nyingi anapata hasara kwenye vipande visivyopendwa, na hasara hiyo anaipandisha juu ya steki. Msalato hasara hiyo haipo. Ukila mbavu pale, bei yako imebebwa na mwenye kunywa supu ya utumbo saa moja asubuhi.

Jumamosi moja nilisimama kwenye jiko la kijana mmoja nikitazama paja lililoning'inia kwenye ndoano. Muhuri wa mkaguzi ulikuwa umegandia juu ya mafuta, wino wa bluu unaoelekea zambarau, herufi zimeanza kutawanyika kwa joto. Nilipenda kwamba aliligeuza paja makusudi ili muhuri utazamane na wateja. Akakata vipande nilivyochagua, akapaka chumvi, akaviweka juu ya waya upande usio na miali, mafuta yakaanza kudondoka polepole. Nikamuuliza mbona hatii kitu kingine. "Mzee wangu, huyu alfajiri alikuwa anatembea," akasema. "Akishawekewa viungo vingi ujue alilala." Nusu saa baadaye alivikatakata kwenye gogo la mti lililochimbika katikati kwa miaka ya panga, akasogeza kachumbari, pilipili na ndimu, na ugali uliokunjwa kwenye mfuko. Sijawahi kusikia maelezo mafupi zaidi ya tofauti kati ya nyama ya mnadani na ya mjini, na yote yanasimama juu ya neno moja, alfajiri.

Wanaotaka mabadiliko wana hoja, na iliyo nzito kuliko zote ni ya afya. Sitaki kuipita haraka, kwa sababu Dodoma ina kumbukumbu mbaya. Mwanzoni mwa 2007 homa ya Bonde la Ufa iliua zaidi ya watu 100 nchini, na mkoa wetu ulikuwa miongoni mwa ile iliyoumia zaidi. Virusi vyake huenezwa na mbu, lakini pia hupita kwa kushika damu na viungo vya mnyama mgonjwa, hivyo anayechinja na kuchuna yuko hatarini kuliko anayekula nyama iliyoiva sawasawa. Wanaokumbuka miezi ile wanakumbuka jinsi watu walivyoiogopa nyama. Kisha kikaja kipindupindu cha kuanzia Agosti 2015, kilichosambaa mikoa mingi, na katika miji kadhaa mama lishe ndio waliokuwa wa kwanza kuzuiwa kuuza. Mtu aliyepitia hayo mawili hawezi kusema mnada uachwe vilevile kwa kuwa ndivyo tulivyouzoea.

Lakini tazama hoja hiyo inadai nini hasa. Inadai mkaguzi afike kabla ya kisu, na kwamba wakaguzi watoshe idadi ya wanyama wanaochinjwa siku hiyo. Inadai sakafu ya saruji yenye mteremko na mfereji wa damu, glavu na mabuti kwa wanaochinja, shimo la taka, vyoo vinavyosafishwa, na zaidi ya yote maji. Maji ya bomba yanayotoka Jumamosi nzima, sehemu ya kunawia mikono kila baada ya majiko machache, sabuni. Sheria ya Tasnia ya Nyama tunayo tangu 2006. Inajua tofauti ya nyama iliyokaguliwa na isiyokaguliwa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji jengo la ghorofa, vigae au geti. Ukuta hauoshi mikono. Nimekula kwenye kumbi za mjini zenye viyoyozi ambako bomba la kunawia lilikuwa kavu na ndoo ya maji imewekwa chini yake kama pambo. Anayesema "afya" halafu akachora jengo amebadilisha mada katikati ya sentensi.

Upande wa pili wako wanaosema pasiguswe, kwamba nyama choma ya mnadani ni utamaduni wetu. Nawaelewa, ila wanakosea kwa namna yao. Chakula cha Mgogo cha kila siku kilikuwa, na vijijini bado ni, ugali wa uwele au mtama kwa mlenda, wakati mwingine mlenda uliokaushwa ukahifadhiwa kwa ajili ya kiangazi. Nyama ilikuwa ya sherehe, ya mgeni, ya tambiko, au ya mnyama aliyevunjika mguu. Kuchoma mbuzi kila Jumamosi kwa ajili ya mwenye mshahara ni jambo lililokua pamoja na mji. Hilo haliipunguzii thamani nyama. Linaonyesha tu kwamba mnada unajua kubadilika wenyewe, kwa kufuata wateja wake, na kwamba hoja ya utamaduni ikitumika ovyo inaweza kuwa kisingizio cha kutochimba choo.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayovuma zaidi, kwamba wageni ndio injini mpya. Mgeni wa treni anakuja mara moja, labda mara mbili kwa mwaka. Anakula kilo moja, anapiga picha, anaondoka. Ushuru wa mnada unalipwa kwa kichwa cha mnyama aliyeuzwa, na kundi kubwa la wanyama hao haliishii kwenye majiko ya Msalato kabisa. Linapakiwa kwenye malori kwenda machinjioni na mikoa mingine. Mvua ikikatika, mgeni anaweza asijue. Mfugaji atajua, dalali atajua, na Jumamosi itakayofuata mchomaji atakuwa anabishania bei. Kupanga mnada kwa kumwangalia mgeni ni kumpimia nguo mtu anayepita barabarani. Na hata kama lengo letu lingekuwa mgeni peke yake, anachokuja kukitafuta ni kile ambacho hakipati Dar es Salaam: mnyama na moto mahali pamoja. Mpe banda lenye menyu ya plastiki na nyama iliyoletwa kwa pikipiki, atauliza kwa nini alipanda treni.

Tunao mfano wa kuutazama bila kumwonea mtu. Machinga Complex ya Ilala, Dar es Salaam, ilijengwa kwa nia njema na kwa mkopo mkubwa, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya vizimba vya juu vilikaa vitupu, kwa sababu mteja wa machinga anapita chini, njiani, na hapandi ngazi kutafuta kitana. Wajenzi walianza na jengo wakidhani biashara itafuata. Msalato kosa hilo lingekuwa kubwa zaidi, maana machinga anaweza kuubeba mzigo wake na kurudi barabarani. Mchomaji aliyetenganishwa na zizi harudi popote. Anageuka mnunuzi wa nyama ya bucha, anapandisha bei, na yule mteja wa supu ya saa moja asubuhi anaacha kuja.

Kuna suala la kuni na mkaa ambalo pande zote mbili zinalikwepa. Serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia wa miaka kumi, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Ardhi yetu ya kati inahitaji hilo kuliko nyingi; wazee wa Kondoa wanakumbuka 1979, mifugo ilipoondolewa kwenye eneo lililokuwa limechimbwa na mmomonyoko hadi makorongo yakameza mashamba. Sidhani jibu ni kumwambia mchomaji aweke mtungi wa gesi chini ya mbuzi kesho asubuhi. Lakini supu, chai, maharage, wali na maji ya ugali, ambavyo vinachukua moto wa saa nyingi tangu usiku, vinaweza kuhamia kwenye gesi au majiko banifu bila mlaji kuonja tofauti, na moto wa wazi ukabaki kwa nyama. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu inatosha kuanzia hapo. Mama lishe hahitaji semina. Anahitaji jiko na mtungi wa kwanza.

Kinachonikosesha usingizi ni ardhi. Msalato ndipo unapojengwa uwanja wa ndege wa kimataifa, uliowekewa jiwe la msingi Oktoba 2022, na barabara ya mzunguko ya kilomita 112.3 inalizunguka jiji na kuchochea bei ya viwanja vya pembezoni. Popote mji ulipopita hivi, mambo hufuatana kwa mpangilio uleule. Wanakuja wenye viwanja, wanajenga, wanahamia. Baada ya miaka michache wanalalamika juu ya vumbi, nzi na kelele za mifugo, na malalamiko yao yana haki. Mtu mmoja kwenye kikao anapendekeza njia ya katikati: mifugo ihamishiwe mbali, majiko ya nyama yabaki, kwa kuwa hayo ndiyo watu wanayoyapenda. Pendekezo litasikika la busara na litapita bila ubishi.

Moja ya simulizi za jina la mji huu inasema Wagogo walichukua ng'ombe wa Wahehe, wakawala, kisha wakachomeka mikia kwenye tope. Wenye ng'ombe walipofika wakaambiwa mifugo imezama, idodomya. Walichobaki nacho ni mikia iliyosimama kwenye matope. Nikisikia watu wazima wakijadili kubakiza majiko na kuhamisha mnada, nauona ule mkia.

Kwa hiyo ningependa mpango wowote wa Msalato uanze na ramani ya miguu ya mnyama. Anaingilia wapi, ananywa wapi, analala wapi usiku wa kuamkia Jumamosi. Njia za mifugo zipimwe na zisajiliwe sasa, kabla ya beikoni za viwanja kuzifunga. Eneo la mnada lipate hati ya matumizi ya umma, na kuwe na ukanda wa wazi kati yake na makazi ili atakayenunua kiwanja ajue mapema ananunua jirani gani. Ndipo yaje maji, vyoo, sakafu ya kuchinjia, vivuli vya makuti au bati juu ya majiko. Na kama uchumi wa kweli hautaruhusu mnada kubaki pale baada ya ndege kuanza kutua, basi uhame wote kwa pamoja, na zizi, na moto, na mama wa ugali, kwenye ardhi iliyopimwa kwa ajili hiyo na yenye bomba kabla ya siku ya kwanza.

Huyo mama wa ugali anastahili kutajwa, maana katika video hayumo. Anapika pembeni kabisa, karibu na upande wa mifugo, na huanza kazi Ijumaa jioni, kwa kuwa wachungaji wengi hufika usiku huo wakitembea na wanyama wao. Niliposalimia "Mbukwenyi" aliniitikia bila kuinua macho kutoka kwenye mwiko. Ugali wake ni wa uwele, mweusi kidogo, wa moto, na mlenda unateleza kutoka kwenye upawa kama uzi. Nilimuuliza kama wageni wa mjini humfikia. "Wanakuja nikiwa nimemaliza, baba," akasema. Magari yalipoanza kujipanga barabarani, saa saba mchana, sufuria lake lilikuwa limeshaoshwa na limefunikwa juani likauke.